Peace Hill na familia zilizojichapishia vitabu vya kufundishia nyumbani

Mwaka 1973, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, Jessie Wise aliwatoa watoto wake shuleni akaanza kuwafundisha mwenyewe. Alikuwa mwalimu mwenye cheti, na watoto walikuwa wamekwisha kujua kusoma kabla shule haijawafundisha. Virginia haikuwa bado na sheria iliyotambua masomo ya nyumbani. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1984, wakati Susan, binti yake, ana umri wa kuelekea chuo kikuu.

Sheria ilikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa vitabu. Wachapishaji wakubwa wa Marekani walizoea kuuza vitabu vya kiada kwa wilaya za elimu, maelfu ya nakala kwa oda moja, na mzazi mmoja aliyeandika barua akiomba kitabu kimoja cha hesabu alikuwa usumbufu. Mara nyingi kitabu cha mwanafunzi kiliweza kupatikana kwa njia ya kuzunguka. Kiongozi cha mwalimu ndicho kilichofungiwa. Wachapishaji wengi walikataa katakata kukiuza kwa mtu asiyeagiza kwa jina la shule, maana majibu yote yalikuwa humo. Aliyewahi kushika chaki anajua uzito wa kunyimwa kitabu hicho: humo ndimo yalimo mpangilio wa hatua, maswali ya kuuliza, makosa ambayo watoto huyafanya na namna ya kuyarekebisha. Mzazi alibaki na mazoezi bila njia.

Lakini njia iliwahi kuwepo kabla ya hapo. Virgil Hillyer alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Calvert mjini Baltimore, na mwaka 1906, baada ya kifaduro kuwazuia wanafunzi majumbani, shule yake ilianza kuuza masomo kwa posta. Familia ilipokea sanduku lenye vitabu, karatasi, penseli na maelezo ya kazi ya kila siku. Wateja wake wa kudumu walikuwa watu waliokaa mbali na shule za lugha yao: wanadiplomasia, wanajeshi, wamisionari, wakiwemo waliokuwa Afrika. Mwaka 1924 Hillyer alitoa kitabu cha historia ya dunia kwa watoto, kilichoandikwa kama mtu mzima anayemsimulia mtoto aliyekaa mbele yake. Sauti hiyo ingesikika tena Virginia miaka karibu themanini baadaye.

Calvert, hata hivyo, ilikuwa shule iliyotuma masomo. Kilichozuka katika miaka ya 1970 kilikuwa kitu kingine, yaani wazazi na walimu wenyewe kugeuka waandishi, wachapishaji na wauzaji. Mjini Boston, John Holt, mwalimu aliyekwisha kukata tamaa na mageuzi ya shule, alianzisha jarida la Growing Without Schooling mwaka 1977, na ofisi yake ikawa pia duka la vitabu kwa posta. Raymond na Dorothy Moore, mume na mke Waadventista, mume mtaalamu wa elimu na mke mwalimu wa kusoma, walitoa Better Late Than Early mwaka 1975 na Home Grown Kids mwaka 1981, wakawafikia Wakristo wengi kupitia kipindi cha redio cha James Dobson. Holt hakuwa mtu wa dini, na akina Moore walikuwa watu wa dini hasa. Wasomaji wao walitofautiana karibu katika kila jambo, ila wote walihitaji vitabu.

Huko Oklahoma hitaji hilo lilimpata John Saxon, mwanajeshi mstaafu wa jeshi la anga aliyekuwa akifundisha aljebra katika chuo cha jamii. Aliona wanafunzi wakisahau mada ya juma lililopita mara tu ya juma hili inapoanza, hivyo akatunga mazoezi ambayo kila siku yanarudia kidogo mambo yote ya nyuma. Wachapishaji walimkataa. Alianzisha kampuni yake mjini Norman mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ingawa aliilenga shule, wazazi walimpokea kwa mikono miwili. Sababu ni rahisi kuiona ukifungua kitabu chake: maelezo yanamtosha mtoto kusoma peke yake huku mama akimshughulikia mdogo wake.

Kufikia mwaka 1993 kufundisha watoto nyumbani kulikuwa halali katika majimbo yote 50. Soko lilikuwa limefunguka, na waliokuwa wa kwanza kulijaza walikuwa familia. Mary Pride wa Missouri alitoa The Big Book of Home Learning mwaka 1986 ili kuwasaidia wazazi kuchagua katika msitu huo wa vitabu vipya. John na Sarita Holzmann wa Colorado walianzisha Sonlight mwaka 1990, wakiwa na familia za wamisionari walio ng'ambo mawazoni, na wakarudia wazo la sanduku: riwaya na hadithi za mwaka mzima, pamoja na kiongozi kinachosema leo soma kurasa zipi. Steve Demme wa Pennsylvania alibuni Math-U-See, hesabu za kufundishwa kwa vipande vya plastiki vya rangi na mikanda ya video, na mwanawe Ethan akaja kuiongoza kampuni.

Ndipo Jessie Wise na Susan waliporudi katika habari hii. Susan Wise Bauer alikuwa sasa mwalimu wa fasihi katika chuo cha William & Mary, naye akiwafundisha watoto wake nyumbani. Mwaka 1999 mama na binti walitoa The Well-Trained Mind kupitia W. W. Norton, kampuni kubwa ya New York. Kilikuwa kitabu kinene chenye azimio la kazi la miaka kumi na miwili: historia husomwa kwa mzunguko wa miaka minne, kutoka enzi za kale hadi nyakati zetu, na mzunguko huo hurudiwa mara tatu, kila mara kwa kina zaidi. Wazazi walipoanza kuufuata mpango huo, pengo likajitokeza. Kitabu cha historia cha kumsomea mtoto wa miaka sita kwa mfululizo huo kilikuwa hakipo. Cha Hillyer kilikuwa kimezeeka.

Familia ikakiandika na kukichapisha yenyewe. Kampuni waliiita Peace Hill Press, kwa jina la shamba lao lililoko kaunti ya Charles City, na mwaka 2001 ikatoa juzuu ya kwanza ya The Story of the World. Juzuu tatu zikafuata, kila moja na kitabu chake cha shughuli chenye ramani, picha za kupaka rangi na maswali. Jessie akaandika First Language Lessons, masomo ya sarufi ambayo maneno ya kutamkwa na mwalimu yamechapishwa yote, neno kwa neno, pamoja na jibu linalotarajiwa kwa mtoto.

Hapo ndipo ninapoona ufundi wa kweli wa biashara hizi, nao hausifiwi vya kutosha. Kitabu cha mwanafunzi na kiongozi cha mwalimu, vilivyotenganishwa kwa kufuli na wachapishaji wakubwa, viliunganishwa kuwa kitu kimoja. Mwandishi hakumfikiria mwalimu aliyehitimu chuo, akiwa na ubao na wanafunzi thelathini. Alimfikiria mtu mmoja aliyechoka, ana mtoto mmoja mkono wa kulia na mwingine mgongoni, ambaye hajagusa sarufi tangu aache shule, na akamwandikia bila kumdharau. Ubora huo haukutoka katika kamati. Ulitoka kwa mama aliyekwisha kulifundisha somo lenyewe kwa wanawe.

Hesabu za biashara yenyewe ni ngumu. Kitabu kikichapwa nakala chache, gharama ya kila kimoja hupanda. Kikichapwa nyingi, fedha ya familia hulala ghalani. Msimu wa kuuza ni mfupi, masika na kiangazi, kabla mwaka wa masomo haujaanza, na hapo familia hupakia maboksi garini kwenda kwenye makongamano ya wazazi. Kitabu kizuri hupita kwa ndugu wanne, kisha huuzwa tena kwa jirani, na mchapishaji hapati senti. Ndiyo maana vitabu vya mazoezi, vya kuandikwa humo humo, vina thamani kubwa kwao: kila mtoto anahitaji chake.

Imani nayo ni sehemu ya biashara. Wengi wa wachapishaji hawa walitoka makanisani, na baadhi ya vitabu vyao hufundisha sayansi na historia kwa jicho jembamba mno. Hilo ni kosa kwa mtoto, hata likitendwa kwa upendo. Bauer, aliyeeleza dini zote kama sehemu ya historia, alilaumiwa na wasomaji wa pande zote mbili, wengine wakiona dini imezidi, wengine wakiona imepungua. Vitabu viliendelea kuuzwa kwa wote.

Saxon alifariki mwaka 1996, na mwaka 2004 kampuni yake ilinunuliwa na Harcourt, mmoja wa wale wachapishaji wakubwa. Peace Hill Press ilibaki mikononi mwa wenyewe, ikabadili jina kuwa Well-Trained Mind Press. Janga la korona lilipofunga shule, ofisi ya sensa ya Marekani ilikuta kwamba, kati ya kaya zenye watoto wa umri wa shule, zinazofundisha nyumbani zimepanda kutoka asilimia 5.4 katika masika ya 2020 hadi asilimia 11.1 kufikia vuli ya mwaka huo huo. Mzazi aliyeingia katika kazi hiyo ghafla aliweza kuagiza kiongozi cha mwalimu bila kuulizwa anatoka shule gani.