Mombasa: Walifuata Bahari au Elimu?

Sisi tuliokulia huku Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, tukitaja kwenda kusoma Mombasa tunaulizwa kwanza habari za bahari. Wazee wengine huongeza kwamba ule ni mji wa starehe, mtoto ataharibika. Hewa yake inavutia kweli. Asubuhi hutafuti sweta kama huku kwenye majani chai, na kuanzia Aprili hivi, kusi ikivuma, joto hupungua, mtu akakaa barazani na kitabu chake. (Ila Februari na Machi ni moto, kufunga kwake si mchezo!)

Lakini tukirudi nyuma kidogo, tunaona vijana waliitwa na jambo jingine. Zamani za ukoloni Waislamu wengi waliachwa nyuma kimasomo, kwa sababu wazazi walihofia shule za misheni zingewatoa watoto katika dini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, aliliona hilo mapema. Alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akihimiza dini ishikwe na elimu ya kisasa itafutwe.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili ikaanzishwa, pale Tudor, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, maarufu kama MIOME. Walichanga Sultani wa Zanzibar Sayyid Khalifa bin Harub, Aga Khan, Mabohora na serikali ya Uingereza. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Na hapa ndipo penye utamu: chuo hakikuwa cha wenyeji peke yao, kilikusudiwa Waislamu wa Afrika Mashariki nzima. Kijana wa Tanganyika au Uganda angeweza kusomea ufundi wa mitambo au umeme na swala zake zisimpite. Hofu ya mzazi ilijibiwa kwa vitendo, si kwa mawaidha tu.

Mwaka 1966 milango ikafunguliwa kwa watu wa dini zote, 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wako wanaosikitika kwamba jina la Kiislamu liliondoka. Mimi naona kazi iliyokusudiwa haikuondoka: mtoto wa Mulot, awe Mwislamu au Mkristo, anaingia kwa lango lile lile la Tudor.