Watoto wa Bogoro Ambao Hawakuwapo

Tarehe 28 Januari 2009, siku mbili baada ya kesi ya Thomas Lubanga kufunguliwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, shahidi wa kwanza aliketi akaeleza jinsi askari walivyomkamata akitoka shule. Baadaye siku hiyohiyo akayakana yote, akisema alifundishwa la kusema. Muda wote huo Lubanga, aliyekuwa kiongozi wa UPC, kundi lenye silaha la Ituri, mashariki mwa Kongo, alikuwa humo ukumbini, shahidi akimwona. Februari kijana akarudishwa, safari hii ukumbi umepangwa asimwone mshitakiwa, akatoa ushahidi upya. Haukumsaidia mtu: mwaka 2012 majaji walimtia Lubanga hatiani kwa kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, lakini maneno ya shahidi huyo waliyaweka kando.

Aprili 2009 mahakama ilimwita mwanasaikolojia Elisabeth Schauer aeleze vita vinamfanya nini mtoto aliyebebeshwa bunduki, yule ambaye Kongo nzima inamwita kadogo. Elimu yenyewe si ngumu kuifuata. Hatari ikitokea, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora, adrenalini ikamwagika, moyo ukaenda mbio. Jirani yake, hipokampasi, ndiye karani: kazi yake ni kulipatia tukio tarehe na mahali. King'ora kikizidi, karani hushindwa kuandika. Basi kumbukumbu inabaki bila tarehe. Harufu ya nyasi za paa zikiungua, mlango kubamizwa, na mwili uko tena 2003: jasho, tumbo kukata, usingizi kuruka. Ukimuuliza mtu huyo lipi lilitangulia, atachanganya, na wakili wa upande wa pili atafurahi.

Bunia yenyewe, mji mkuu wa Ituri vita hivyo vilikopiganwa, ilichelewa kuhesabu majeraha ya namna hii. Mei 2003 jeshi la Uganda lilipoondoka, wanamgambo waliugombea mji, na maelfu ya watu wakakimbilia uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa. Madaktari Wasio na Mipaka wakafungua hospitali ya Bon Marché, jina ambalo kwa Kifaransa ni bei nafuu. Walianza na risasi na mapanga. Kufikia 2007 walikuwa wametibu watu wapatao 7,400 waliobakwa, na kwa wengi wao kidonda kilichobaki hakikuwa cha kushonwa.

Ila swali gumu kuliko yote lilitoka Bogoro, kijiji kilicho kusini mwa Bunia, kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, alihukumiwa kwa shambulio hilo mwaka 2014. Machi 2017 majaji waliwatambua waathirika 297, kila mmoja akapangiwa dola 250, pamoja na misaada ya pamoja ikiwemo tiba ya kisaikolojia. Miongoni mwa waombaji walikuwemo watano waliozaliwa baada ya shambulio. Hawakuona moto wala hawakusikia mlio. Walidai wameurithi mshtuko kwa wazazi wao.

Majaji walizipima njia mbili zinazotajwa na wataalamu: ya kibayolojia, kwamba mshtuko huacha alama katika namna jeni zinavyofanya kazi, na ya malezi, kwamba mzazi anayeruka kila mlango ukigongwa humfundisha mtoto kuruka. Julai 2018 wakasema yaelekea watano hao kweli wameumia kwa njia hiyo, lakini hakuna ushahidi wa kutosha unaoyaunganisha maumivu hayo na siku ile ya Bogoro. Yaani ugonjwa upo, tarehe haipo. Karani yuleyule tena. Katika kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda wa UPC, amri ya fidia ya Machi 2021 iliwakubali watoto wa namna hii. Rufani ya 2022 ikawataka majaji watoe sababu zaidi, na 2023 wakaziandika.

Schauer na wenzake, Frank Neuner na Thomas Elbert, wana tiba ambayo imetumika hata kwa wapiganaji wa zamani mashariki mwa Kongo. Kamba inalazwa sakafuni, mwanzo wake ni kuzaliwa. Panapouma mtu anaweka jiwe, penye furaha anaweka ua. Kisha anasimulia jiwe moja baada ya jingine, polepole, mpaka kila moja lipate mwaka wake. Ndiyo kazi ya karani, ikifanywa kwa mkono.

Tatizo ni kwamba Djugu, kaskazini mwa Bunia, iliwaka upya Desemba 2017. Februari 2022 watu wapatao 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, watu waliokwisha kukimbia tayari. King'ora cha mtu wa huko si hitilafu, kinasema kweli. Hata hivyo kliniki ya Karibuni Wa Mama, ya shirika la SOFEPADI lililoanzishwa Bunia mwaka 2000, inaendelea kupokea wanawake.

Katika tiba ya kamba, upande wa pili hauvutwi hadi mwisho. Kipande kinachosalia huachwa kimekunjwa sakafuni, bila jiwe wala ua: ni miaka ambayo bado.