KAMERA YA KWANZA MADINA NA MAKKA, NA JINA LILILOFUTWA



Sifa zote njema ni za Allah Subhaanahu wa Ta'ala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu wazazi, walezi na wanafunzi, baada ya darsa moja ya Jumamosi vijana wetu wakubwa walikuwa wakibishana kuhusu vifaa vya picha. Kila mmoja alitaja anachokipenda katika vilivyotoka miaka kumi iliyopita. Huyu alisifu droni, yule simu inayopiga picha usiku bila taa, mwingine kile kishikio kinachotuliza simu isitikisike mtu anapotembea. Mwishowe wakanigeukia: "Maalim, na wewe je? Kamera gani unaipenda kuliko zote?"

Niliwajibu kwamba ninayoipenda sijawahi kuishika mkononi. Ni kamera ya mbao iliyosafiri juu ya ngamia hadi Madina mwaka 1861. Wakacheka. Nikawaambia kaeni kitako niwasimulie. Na kwa kuwa kisa kile kina funzo kwa kila nyumba yenye simu, nimeona nikiandike hapa ili wazazi nao wanufaike.

TUANZE NA HAKI: NANI ALIGUNDUA KAMERA?

Wengi wetu tumesikia mimbarini kwamba kamera iligunduliwa na mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham. Tumesikia pia kwamba neno lenyewe "kamera" limetoka katika Kiarabu. Mimi pia niliwahi kuyasema hayo mbele ya wanafunzi. Leo nayasahihisha, kwa sababu mwalimu akikosea hadharani hutakiwa asahihishe hadharani.

Neno "kamera" asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Wazungu waliita "chumba cha giza" kile chumba chenye tundu dogo ambamo taswira ya nje huonekana ukutani ikiwa juu chini. Jambo hilo la tundu na taswira lilikwisha kuonwa na Wachina na Wayunani kabla ya Uislamu.

Basi Ibn al-Haytham alifanya nini? Alifanya kubwa. Alizaliwa Basra mwaka 965, akaishi Misri hadi alipofariki karibu mwaka 1040. Katika kitabu chake kinachoitwa Kitab al-Manadhir alithibitisha kwa majaribio kwamba mwanga huenda kwa mstari ulionyooka. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu, na upande wa pili, gizani, kila taa ikaleta doa lake la mwanga. Akiziba taa moja, doa lake peke yake hutoweka, na mengine hubaki mahali pake. Hakutosheka na kusema "wahenga wamesema". Alijaribu, akaona, akaandika, na kitabu chake kikatafsiriwa kwa Kilatini, kikasomwa Ulaya kwa karne nyingi.

Lakini picha inayobaki, ile unayoweza kuiweka mfukoni, ilipatikana Ulaya katika karne ya 19, na mwaka 1839 njia ya Mfaransa Daguerre ikatangazwa mjini Paris. Kila mtu apewe haki yake. Ibn al-Haytham hahitaji sifa ya uongo, zake za kweli zinamtosha. Shikeni jambo hili, kwani tutalirudia mwishoni.

AFISA WA KIMISRI NA MZIGO WA VIOO

Sasa twende Misri. Palikuwa na afisa wa jeshi aitwaye Muhammad Sadiq Bey, mhandisi na mchora ramani aliyesomea Paris. Mwaka 1861, sawa na 1277 Hijria, alitumwa Hijazi kupima njia ya kutoka bandari ya al-Wajh, pwani ya Bahari ya Shamu, hadi Madina. Katika mzigo wake alichukua kamera. Picha alizopiga Madina safari ile ndizo za kwanza zinazojulikana za mji wa Mtume (S.A.W.).

Vijana wa leo, hebu pimeni kazi yenyewe. Wakati ule hapakuwa na filamu wala kadi ya kumbukumbu. Njia iliyotumika ni ile iliyovumbuliwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ya kioo kibichi. Mpigapicha huchukua kipande cha kioo kisafi, akakimwagia ute unaoitwa kolodioni mpaka uenee kote. Kisha huingia katika hema la giza akakitumbukiza kioo ndani ya maji yenye dawa ya fedha ili kipate kuona mwanga. Hukitoa, hukifungia ndani ya kisanduku kisichopitisha mwanga, hukimbilia kwenye kamera, hufungua lenzi kwa sekunde kadhaa, kisha hurudi hemani kukisafisha kwa dawa nyingine. Yote hayo lazima yaishe kioo kikiwa bado kibichi, yaani dakika kumi au zaidi kidogo. Kikikauka, kazi imeharibika.

Na hilo ni katika nchi ya baridi. Fikirieni Hijazi, jua linawaka, vumbi linarushwa na upepo, na maji ni ya kuhesabu. Vioo, chupa za dawa, hema na miguu mitatu ya kamera, vyote vimefungwa juu ya ngamia. Ngamia akijikwaa, safari nzima imevunjika. Baada ya taabu yote hiyo unapata picha moja. Wewe leo unapiga picha arobaini za sahani ya pilau kabla haijapoa!

MAKKA, MWAKA 1880

Sadiq Bey alirudi Hijazi mwaka 1880 (1297 Hijria). Safari hii alikuwa mweka hazina wa msafara wa Mahmal, ule msafara rasmi wa Misri uliokwenda Hijja kila mwaka na kupeleka kiswa cha Al-Kaaba pamoja na sadaka za Haramain. Hapo ndipo alipopiga picha za kwanza zinazojulikana za Makka na Msikiti Mtukufu. Alipiga hata picha kadhaa za kufuatana ili ziunganishwe, mtu auone mji kwa upana wake.

Kwa kuwa lenzi ilikaa wazi kwa sekunde kadhaa, katika picha za zama zile watu waliotulia walitoka sawasawa, na waliokuwa wakitembea waligeuka kama ukungu au wakapotea kabisa. Majengo hubaki, wapitao hufutika. Mwenye kuzingatia na azingatie.

Mwaka 1881 kazi yake ilipewa nishani ya dhahabu katika mkutano wa kimataifa wa jiografia uliofanyika Venice. Aliandika pia vitabu vya safari zake, kikiwemo Mash'al al-Mahmal kilichotoka mwaka 1881. Jambo la kuangalia ni kwamba Sadiq Bey aliweka jina lake kwenye picha zake, na kwa sababu hiyo leo tunamjua. Haramain zimepanuliwa na miji imebadilika kabisa, lakini tunaweza kuona Madina ilivyokuwa na kuta zake, na Msikiti wa Makka katikati ya vilima bila magorofa, na tukasema kwa yakini: hizi zilipigwa na fulani, mwaka fulani.

DAKTARI WA MAKKA

Mwingine hakupata bahati hiyo, na hapa ndipo penye uchungu wa kisa.

Mwezi Agosti 1884 alifika Jeddah Mholanzi aitwaye Christiaan Snouck Hurgronje, msomi wa Kiarabu na dini yetu. Alisilimu hadharani, akajiita Abd al-Ghaffar, na Februari 1885 akaingia Makka. Kuhusu kilichokuwa moyoni mwake watu wameandika mengi, sisi tunamwachia Allah, ndiye Mjuzi wa vifua. Kinachojulikana wazi ni kwamba baadaye aliitumikia serikali ya Uholanzi katika kuwatawala Waislamu wa Aceh, Indonesia.

Alikuja na kamera. Makka alifahamiana na tabibu wa mji aliyekuwa na jina kama lake, Sayyid Abd al-Ghaffar bin Abd al-Rahman al-Baghdadi. Tabibu huyu alimkaribisha, wakafanya kazi ya picha pamoja, na Mholanzi akamfundisha kutumia chombo kile. Agosti 1885, kabla ya siku za Hijja kufika, utawala wa Kiosmani ulimwamuru Snouck aondoke. Kwa hiyo Hijja yenyewe hakuiona kwa macho yake.

Lakini kamera ilibaki Makka kwa tabibu. Sayyid Abd al-Ghaffar akaendelea kupiga picha: watu wakiswali mbele ya Al-Kaaba, mahema ya Mina, umati wa Arafa. Kwenye picha zake aliandika kwa hati nzuri ya Kiarabu kwamba ni picha ya Sayyid Abd al-Ghaffar, tabibu wa Makka. Kisha akazituma Uholanzi kwa rafiki yake.

Rafiki yake alifanya nini? Mwaka 1888 Snouck alitoa mkusanyo wake wa picha za Makka, na mwaka 1889 akatoa mwingine, ambao sehemu kubwa ilikuwa kazi ya yule tabibu. Maandishi yenye jina la tabibu yaliondolewa. Katika maelezo alitajwa tu kama daktari wa Makka, bila jina. Miaka mingi sana watu wakaziona picha zile na kuzihesabu kuwa za Mholanzi. Ni katika karne ya 20, watafiti walipozichunguza picha zenyewe na kusoma ile hati ya Kiarabu, ndipo jina la Sayyid Abd al-Ghaffar liliporudi mahali pake. Leo anatambulika kuwa mpigapicha wa kwanza anayejulikana miongoni mwa wakazi wa Makka. Picha zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Leiden.

Mwaka ule ule wa 1888, huko Marekani, George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak yenye filamu ya kuviringishwa, na upigaji picha ukaanza kushuka hadi kwa watu wa kawaida. Tangu hapo hadi simu zetu, kila kizazi kimepata chombo chepesi zaidi. Lakini uaminifu wa mwenye kukishika haujawahi kuwa mwepesi.

MAFUNZO KWA FAMILIA ZETU

Najua wapo watakaouliza hukumu ya picha. Wanazuoni wametofautiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia mwaka 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera akiiona kuwa ni kuzuia kivuli tu, na wengine wakaishikilia kauli kali zaidi. Tuheshimiane. Lakini hakuna hitilafu kwamba kumpunja mtu haki yake ni haramu. Sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, imebeba jina la wapunjao, na Nabii Shuaib (A.S.) aliwaonya watu wa Madyan juu ya jambo hilo hilo. Jina la mtu juu ya kazi yake ni mali yake, na kulifuta ni kupunja.

Sisi wa madrasa tunajua thamani ya isnadi. Hadithi ikija bila mapokezi tunauliza: nani kaipokea kutoka kwa nani? Mbona picha hatuziulizi? Kila siku zinatufikia kwenye simu picha za Palestina, za misikiti iliyobomoka, za "miujiza" ya mawingu. Hazina jina, mahali wala tarehe, nasi tunazituma mbele. Mara ngapi imebainika kuwa ni za nchi nyingine na mwaka mwingine? Kumtetea mdhulumiwa kwa picha ya uongo ni kumpa adui hoja.

Na kuna letu la nyumbani. Katika ofisi ya madrasa yetu ipo picha ya zamani ya rangi nyeusi na nyeupe. Ndani yake wamo maalim mmoja na wanafunzi kumi na mmoja, kofia vichwani, wamebana mikono. Nyuma yake hapakuandikwa kitu. Mzee wa mwisho aliyeweza kuwataja alitutajia wawili tu, akasema wengine atawakumbuka akitulia. Alifariki kabla hatujarudi kwake, Allah amrehemu. Hatukunyang'anywa majina yale na Mholanzi yeyote. Ni uvivu wetu wenyewe wa kutochukua kalamu.

Kwa hiyo ninawausia mambo matatu:

1. Wiki hii, toeni picha za zamani nyumbani, mkae na babu, bibi au shangazi, muandike kwa penseli nyuma ya kila picha: nani, wapi, lini, na nani aliipiga.

2. Mkitumia picha au video ya mtu mwingine katika tangazo la harusi, maulidi au darsa, tajeni jina lake na mumuombe ruhusa. Msikate jina lake mkaweka lenu.

3. Msitume picha ya habari msiyoijua asili yake, hata ikiwaliza machozi.

Nilipomaliza kisa hiki darasani, kijana mmoja, mpenzi mkubwa wa droni, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Maalim, mimi picha za ndugu yangu huwa naweka jina langu." Nikamuuliza, basi utafanya nini? Akasema atarekebisha leo leo. Basi nikaona darsa imefika.

Tunamuomba Allah amlipe kheri Sayyid Abd al-Ghaffar na Muhammad Sadiq Bey kwa kutuachia sura za miji miwili mitukufu, na atujaalie sote kuiona kwa macho yetu. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.