Timu ya Mtaa Ikipanda Ligi: Sherehe ni ya Siku Moja, Fare ni ya Msimu Mzima

Hapa Pipeline, timu ya mtaa ikibeba ligi unajua vile huenda. Vuvuzela hadi usiku, kocha amebebwa juu juu, kila mtu ni fan wa kitambo. Jumatatu asubuhi mweka hazina anakaa chini na kalamu, na hapo ndio stori hubadilika. Kupanda daraja huja na bill.

Kama unashangaa kwa nini timu nyingi hupanda na shangwe halafu zinashuka zikisota, soma hii.

Ngazi ziko aje?

Chini kuna ligi za kaunti na za region. Juu yake ni Division Two, Division One, halafu National Super League, yaani NSL. Kileleni ni Ligi Kuu. Zote ziko chini ya FKF.

Kwa ligi za chini, ugenini ni Kayole, Dandora ama Kibera. Mnapanda mat moja na giza inawapata mkiwa home. Ukifika NSL, jedwali ni la nchi nzima: wiki hii Nairobi, wiki ijayo Pwani, ile ingine Western. Ligi ikiwa na timu 20, kila timu inacheza mechi 38, na 19 kati ya hizo ni za ugenini.

Piga hesabu ya Mombasa

Chukua wachezaji 20 na watu watano wa benchi. Tangu Januari 2024, tiketi ya kawaida ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500. Watu 25, kwenda na kurudi, ni 75,000. Thao sabini na tano, mechi moja, na hakuna mtu amekula!

Treni ya asubuhi hutoka saa mbili na kufika Miritini karibu saa nane mchana. Kama mechi ni saa tisa, hiyo haisaidii. Ni muende jana yake mlipie vyumba, ama mpande ya usiku mfike alfajiri, halafu maboy wakimbie dakika 90 kwa jua la Pwani na usingizi machoni. Ukikodi matatu nayo, ni karibu kilomita 480 za barabara, miguu imekunjwa.

Kwa nini doo haiingii?

Kwanza, gate. Pipeline ghorofa zimebanana hadi jua haliingii kwa nyumba, sembuse nafasi ya kiwanja. Na viwanja vingi vya Eastlands havina ukuta, so tiketi utauzia nani? Ukihamia uwanja wa maana unalipia, na bado unatafuta ambulansi.

Pili, wadhamini huja na kwenda. 2019 SportPesa walijitoa kwa udhamini wa soka. Mwaka uliofuata BetKing wakasaini dili ya bilioni 1.2 ya miaka mitano na Ligi Kuu. Kufikia 2021, hiyo dili ilikuwa imekufa. Kama huko juu ni hivyo, huku chini inakuwaje?

Tatu, mfuko wa mtu mmoja. Boss akichoka ama biashara ikianguka, timu inaenda naye. Nakumatt FC ilicheza Ligi Kuu 2017, supermarket ikaporomoka, timu ikabadilisha jina kuwa Mount Kenya United, na 2019 ikashuka.

Wenye waliumia

Vihiga Bullets walipanda Ligi Kuu 2021. Msimu huo huo wakakosa kufika kwa mechi kwa sababu ya pesa, wapinzani wakapewa ushindi wa mezani. Sony Sugar, mabingwa wa 2006, walitolewa kwa ligi Novemba 2019 baada ya kukosa mechi tatu. Hao walikuwa na jina la kiwanda cha sukari. Sasa fikiria timu inayoishi kwa mchango wa M-Pesa.

Kuna njia?

Iko. Kariobangi Sharks, hapa hapa Eastlands, walipanda Ligi Kuu 2017 na hawakurudi chini mbio. Walibeba Shield 2018, na Julai 2019 wakawatoa Everton kwa penalti pale Kasarani. Mtaa unaweza, bora kuwe na mpango wa pesa kabla ya kombe.

So timu yenu ikikuja na karatasi ya mchango, changa, lakini uliza maswali matatu. Fare ya mechi za mbali mwaka huu ni ngapi? Nani anashika hizo pesa na anaonyesha nani hesabu? Na boss akitoka kesho, nani analipia gari?

Wakikosa majibu, msilaumu kocha mkishuka. Yule boy wa fourth floor alitaka tu kuonekana na scout, na huwezi kuonekana kama gari haikutoka stage.