Ua Lisilong'aa: Habari za Astilbe na Watunzaji Wake

Mtu akigawiwa kiwanja chenye kivuli kingi, mara nyingi husikitika na kusema, "Hapa hapamei kitu." Basi hukata miti ili jua lipate kuingia, au hupaacha mahali pale pawe pa kuku kupekua. Lakini iko mimea ambayo jua kali ni adui yake, na kivuli ndiyo nyumba yake. Nataka kuwasimulia wasomaji habari za mmoja wa mimea hiyo, uitwao astilbe: jinsi ulivyotoka katika mabonde ya Asia, ukapita mikononi mwa mganga, na padre, na wakulima wawili wa maua, mmoja Mfaransa na mmoja Mjerumani, hata ukaenea katika bustani za Ulaya na Marekani. Habari yenyewe ni ya miaka mia na hamsini, na ndani yake mna vita viwili.

Asiyepata kuliona ua hili na afikiri mbelewele za mahindi, lakini ziwe nyingi zaidi na laini kama manyoya ya kifaranga, nyeupe au za rangi ya waridi, au zambarau, au nyekundu kama damu. Shada moja lina maua mamia kwa mamia, na kila ua peke yake ni dogo sana. Majani yake yamegawanyika kama ya kangaga aotaye kando ya mito. Aina nyingine hazizidi shibiri moja kwa urefu, nyingine hupita kimo cha mtu. Majira ya baridi yakifika, yote yaliyo juu ya ardhi hukauka na kufa, nalo shina la chini, gumu lenye mafundo kama tangawizi, hubaki hai likilala usingizi mpaka baridi ipite.

Jina lake limetoka kwa mganga mmoja Mskoti, Francis Buchanan, ambaye baadaye alijiita Hamilton. Mwaka 1802 alikwenda Nepal, nchi iliyo chini ya milima ya Himalaya, akakaa huko kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi, akikusanya mimea na kuiandika. Kando ya vijito aliona mmea mrefu wenye vishungi vya rangi hafifu. Akautungia jina kwa maneno mawili ya Kiyunani, "a" maana yake bila, na "stilbe" maana yake mng'ao. Yaani, kitu kisichong'aa. Jina hilo lilichapwa katika kitabu cha mimea ya Nepal mwaka 1825, kilichoandikwa na David Don. Kwangu mimi jina hili lina haki na tena halina. Ukilichukua ua moja na kulitazama, ni kweli, halina fahari hata kidogo. Lakini nani alitazamaye moja?

Ndugu zake mmea huo wako China, Korea na Japani, na mmoja peke yake yuko mbali nao wote, katika milima ya mashariki ya Marekani. Wa Japani, mwenye maua meupe, alikwisha kufika Ulaya katika miaka ya 1830. Wauza maua walimchanganya na mmea mwingine uitwao spirea, kwa kuwa vishungi vyao vinafanana kwa mbali, nao wakaendelea kumwuza kwa jina hilo la wizi miaka mingi, ingawa wataalamu walilalamika. Ndivyo yalivyo majina. Likiisha kuingia sokoni, hakimu gani atalitoa?

Astilbe hiyo nyeupe ilipendwa hasa wakati wa Pasaka. Wakati ule katika nchi za kaskazini bustani bado hazina maua mengi, na watu walitaka kupamba makanisa na meza zao. Basi wakulima walikuwa wakichimbua mashina yake kabla ya baridi kuu, wakayaacha yapigwe na baridi kiasi cha kutosha, kisha wakayapanda katika vyungu ndani ya nyumba za vioo zenye joto, na kuyanywesha maji mengi sana. Mmea ukidanganyika hivyo hudhani kiangazi kimefika, ukatoa maua kabla ya siku zake. Uholanzi walilima mashina hayo ya kuuzwa nchi za nje. Lakini ilikuwa nyeupe tu, au yenye wekundu hafifu, na baada ya Pasaka wengi waliitupa.

Rangi ililetwa na watu wengine. Mmoja wao ni Padre Armand David, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1826 karibu na mpaka wa Hispania, wa shirika la Walazari. Alipelekwa China mwaka 1862, na kwa kuwa alikuwa na maarifa ya viumbe, wakubwa wa jumba la makumbusho la Paris waliomba apewe nafasi ya kusafiri na kukusanya. Ndiye aliyewajulisha Wazungu yule dubu mweusi na mweupe aitwaye panda, mwaka 1869. Katika mimea yake iliyokaushwa na kupelekwa Paris ilikuwamo astilbe moja ndefu ya rangi ya zambarau iliyokolea, na mtaalamu Adrien Franchet akaipa jina la padre huyo. Mmea mkavu, hata hivyo, hauzai. Ilibidi kungoja mpaka mwanzo wa karne ya 20, ndipo msafiri Mwingereza, Ernest Wilson, aliyetumwa China na wauza mimea wa London, alipoleta mbegu hai.

Kabla ya hapo, katika mji wa Nancy, mashariki ya Ufaransa, alikuwapo mkulima wa maua Victor Lemoine, aliyezaliwa mwaka 1823. Mwaka 1870 majeshi ya Wajerumani yaliuteka mji wake. Biashara ikasimama. Katika siku hizo za kukaa bure ndipo alipoanza kazi iliyompa sifa kubwa, kuchanganya aina za mti wenye maua ya harufu nzuri uitwao lila. Macho yake yalikuwa yamedhoofika, basi mke wake, Marie Louise, ndiye aliyepanda ngazi na kupaka vumbi la ua hili juu ya ua lile kwa brashi ndogo. Sioni picha nzuri kuliko hii katika habari zote za bustani: adui yuko mjini, na mwanamke yuko juu ya ngazi anaoza maua! Baadaye nyumba hiyo ya Lemoine ilichanganya pia astilbe za Asia, ikapata aina zilizo na mashada mazito kuliko ya wazazi wao. Lakini rangi bado zilikuwa nyeupe na waridi hafifu.

Aliyeigeuza kabisa astilbe alikuwa Mjerumani, au Mdachi kama wazee wetu walivyozoea kusema, jina lake Georg Arends. Alizaliwa mwaka 1863 katika ukoo wa wakulima wa bustani. Baada ya kujifunza kwao na kufanya kazi Uingereza, alifungua kitalu chake mwaka 1888 katika mji mdogo wa Ronsdorf, juu ya vilima karibu na mji wa Barmen. Jina la Barmen si geni kwa Wakristo wa Afrika, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na makao ya misheni ya Rhein, iliyoanza kazi Namibia mwaka 1842. Vilima hivyo vina mvua nyingi, na mawingu, na ardhi isiyokauka upesi. Mkulima wa zabibu angepakimbia. Kwa astilbe palikuwa kama nyumbani.

Arends alichukua ile astilbe ya zambarau iliyotoka China akaioza na zile nyeupe za Japani. Si kazi ya mtu mwenye haraka. Ua la astilbe ni dogo mno. Hulazimu kutoa sehemu zake za kiume kwa koleo nyembamba kabla hazijapevuka, kupaka vumbi la ua la mzazi wa pili, kisha kufunika shada lote ili nyuki wasiharibu shauri. Mbegu zake ni kama tumbaku ya kunusa. Ukipiga chafya umezipoteza. Miche ikiota hukaa mwaka wa kwanza na wa pili bila kuonyesha rangi. Yakija maua, mkulima hupita kati ya miche mia na kuacha mmoja, au asiache hata mmoja, na iliyobaki yote huenda kwenye shimo la mbolea. Arends aliifanya kazi hiyo miaka hamsini. Alizitoa astilbe kwa makumi, na kila moja akaipa jina: Amethyst mwaka 1920, kwa jina la kito cha zambarau ambacho msomaji wa Ufunuo analijua, Brautschleier mwaka 1929, maana yake shela ya bibi arusi, nyeupe inayoinama, na Fanal mwaka 1933, maana yake mwenge, nyekundu iliyokolea ambayo hapo kwanza haikuwapo katika vivuli vya bustani. Jamii yote ya machotara hao imeitwa kwa jina lake mpaka leo.

Sasa jambo moja ni lazima lifahamike, maana ndilo moyo wa habari hii. Ukipanda mbegu ya Fanal hupati Fanal. Utapata wajukuu wa kila namna, wengine wa rangi ya babu na wengine wa rangi isiyo na jina. Ni kama mgomba: hatupandi mbegu, tunachimbua chipukizi na kumpa jirani, na mgomba wa jirani ni mgomba uleule wetu. Hivyo Fanal yote iliyo duniani ni mmea mmoja tu uliokatwa vipande na kupita mkono kwa mkono. Vipande vikiisha, imekwisha, wala hapana awezaye kuirudisha, hata Arends mwenyewe.

Ukulima wake, kwa wale wakaao nchi za baridi, si mgumu wakikumbuka maji. Mahali pazuri ni penye kivuli chepesi, au jua la asubuhi tu, chini ya miti isiyonyonya maji yote. Udongo na uchanganywe na majani yaliyooza, ukae na unyevu mwaka mzima, lakini usiwe na maji yaliyotuama wakati wa baridi, maana hapo shina huoza. Kila mwaka lisha juu kwa mboji. Ikikosa maji siku chache katika kiangazi, majani hujikunja na kuwa kahawia pembeni kama karatasi iliyopitishwa motoni, na mwaka ule hayatapona. Kila baada ya miaka mitatu au minne shina huinuka juu ya udongo na kuwa gumu katikati. Basi lichimbuliwe, likatwe kwa kisu kikali au jembe, kila kipande kiwe na macho yake, kipandwe upya. Maua yakikauka usiyakate upesi, kwa kuwa vishungi vya kahawia vyenye umande wa baridi vina uzuri wao. Mmea huu wataka usingizi wa baridi kila mwaka, kwa hiyo si wa pwani yetu wala wa nyanda za joto. Sisi tunalo letu la kivulini: lile ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara, ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani kutoka Tanga, likapewa jina lake mwaka 1893, na sasa limekaa katika madirisha ya dunia nzima.

Nirudi Ronsdorf. Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Mei 1943, ndege za Uingereza zilikuja kuupiga mji wa Barmen kwa mabomu ya moto. Ronsdorf nayo ikaungua. Watu waliokufa usiku ule walizidi elfu tatu, na mbele ya hesabu hiyo mtu huona haya kutaja maua. Lakini kitalu cha Arends pia kiliharibiwa. Naye alikuwa amebakiza miezi minne kutimiza miaka 80. Mwisho wa Mei astilbe zimekwisha kutoa majani. Mashada yalikuwa yangali kuchanua kwa majuma machache tu.

Mzee wa umri ule, kazi yake ya maisha imekuwa majivu, nani angemlaumu kama angalikaa kitako? Lakini kazi yake haikuwa mahali pamoja tena. Tangu miaka mingi alikuwa amekwisha kuikatakata na kuiuza kwa wakulima wa nchi nyingine, hata wa zile zilizopigana na nchi yake. Brashi la Marie Louise lilifanya kazi wakati Wajerumani wamekalia Nancy. Na Fanal ya Mjerumani ilikuwa hai katika bustani za Waingereza wakati ndege za Uingereza zilipoichoma Ronsdorf. Mwenye kuuza chipukizi alikuwa, bila kukusudia, ameweka akiba mahali ambapo mabomu ya usiku mmoja hayafiki pote.

Kitalu kikajengwa tena. Mwaka 1951 Arends alitoa kitabu cha maisha yake ya ukulima na uzalishaji wa mimea, na mwaka 1952 akafa, mwenye miaka 88. Mwaka uliofuata ikatolewa astilbe nyingine ya kitalu chake, iitwayo Cattleya, ya rangi ya waridi, yenye kimo cha mita moja. Wazao wake waliendelea kukilima kitalu hicho huko Ronsdorf, na Fanal ingali inauzwa, kwa chungu, kwa yeyote mwenye kivuli.