Uko "sad", "gloomy" ama "depressed"? Haya maneno ya Kizungu yana stori mob

Julai ikifika Nairobi, si unajua venye huwa. Jua linaingia mitini, kila msee amevaa masweta mbili, na status za WhatsApp zote zinasema kitu moja: "gloomy". Wiki ikiisha mwingine anakuambia ako "depressed" juu Arsenal imechapwa. Tunayatupa tu haya maneno, lakini cheki kwenye yametoka.

"Gloomy" haikuanza na mawingu. Kwa Kizungu cha zamani ilikuwa mambo ya uso, yaani kununa na kukunja sura, giza likaingia baadaye. Kwa hivyo ukisema anga ya Limuru ni gloomy, umesema imenuna. Na kwa ukweli huwa imenuna.

"Sad" nayo itakushtua: mwanzo ilimaanisha kushiba! Ni ndugu ya "satisfied", na Mjerumani hadi wa leo akimaliza sahani anasema ako "satt". Kutoka kushiba ikawa kuwa mzito, kutoka uzito ikawa mtu serious hacheki ovyo, halafu polepole ikafika kwa huzuni. Yaani yule buda amekula ugali matumbo hadi hawezi inuka kwa kiti, huyo ndiye "sad" wa kwanza kabisa.

"Dreary" ilikuwa neno la damu, kitu imelowa damu, lakini siku hizi ni lekcha ya saa nane mchana. "Bleak" ilikuwa kupauka, na ni ya ukoo mmoja na "bleach", hiyo Jik ya kufua mashati ya shule. "Drab" ilikuwa kitambaa hakijatiwa rangi, kwa hivyo ukiambiwa luku yako ni drab, neno limerudi tu nyumbani.

"Dull" ndiyo ya kushika vizuri, sababu ina kazi mob. Ilianza kwa mtu mzito wa akili, ikaenda kwa kisu butu, rangi iliyofifia na siku bila jua. Hospitali pia utaihitaji: daktari akiuliza uchungu ni "sharp" ama "dull", anataka kujua kama inakudunga ama inauma tu pole pole bila kuacha. Usijibu ovyo, hapo ndipo anaanza kukisia shida iko wapi.

Sasa "melancholy". Hii ni Kigiriki, na maana yake ni nyongo nyeusi. Madaktari wa kale waliamini mwili unaendeshwa na maji ya aina nne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Hiyo nyeusi ikizidi, unakuwa mtu wa huzuni. Mnamo 1621 Mwingereza Robert Burton alichapisha kitabu kinono kuhusu huo ugonjwa pekee. Usiwacheke, hata sisi mambo yakiharibika tunasema yametumbukia nyongo.

Lakini favourite yangu ni "dismal". Imetoka kwa Kilatini, "siku mbaya". Kalenda za Ulaya za zamani zilikuwa na siku mbili kila mwezi, 24 kwa mwaka, zenye ziliaminika kuwa na mkosi. Watu walikwepa kuanza safari ama biashara siku hizo. Halafu mwaka wa 1849 mwandishi Thomas Carlyle akaita somo la uchumi sayansi "dismal". Watu wengi hudhani ni juu ya hesabu kuboo. Wapi! Carlyle alikuwa anataka watu weusi wa visiwa vya Karibi walazimishwe kufanya kazi, na wanauchumi walikuwa wanasema kila mtu auze jasho lake kwa hiari. Ndio akawatusi. Mwalimu wa Economics akikuangushia hiyo jina, muulize kama anajua hiyo part.

Tumalizie na "depressed", yenye kwa Kilatini ni kugandamizwa chini. Hii uitumie na akili. Kwa daktari si mood ya siku moja: ni huzuni ama kukosa raha ya kitu chochote, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mambo kama usingizi kuharibika, chakula kutoingia, na kujiona bure. Ya Arsenal inaitwa "gutted", ama sema tu umeumia. Tukiitumia kwa kila kitu, siku beshte yako atasema ako depressed kwa ukweli, mbogi yote itacheka.

Na kunyamaza kumekuwa na sababu. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwe kosa la jinai, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kinakiuka Katiba. Kwa hivyo msee akikuambia hilo neno na uso haucheki, muulize imekuwa siku ngapi, analala aje, amekula saa ngapi. Msalaba Mwekundu wa Kenya wako na laini ya kuongea na mshauri, 1199, na haikati credo.