Mashine ya Gemu Iliyokaa Sebuleni Kama Deki

Matumizi ya mashine ya gemu kama deki ya filamu yalianza kuwa jambo la kawaida nchini Japani mwaka 2000, Sony ilipotoa PlayStation 2. Majaribio yalikuwapo kabla ya hapo. CD-i ya Philips, iliyotoka mwaka 1991, iliweza kuonyesha Video CD ikiongezewa kipande maalumu, na Sega Saturn nayo ilikuwa na kadi ya kazi hiyohiyo. Ila Video CD moja ilibeba dakika 74 hivi za picha, tena picha zisizoizidi sana kanda ya VHS kwa ubora. Filamu nzima ilihitaji diski mbili, na mtu alilazimika kunyanyuka hadithi ikiwa imekolea ili abadilishe diski. Mwenye deki ya kanda hakuwa na sababu ya kuiacha.

DVD ndiyo iliyofungua njia. Iliingia madukani Japani Novemba 1996 na Marekani mwaka uliofuata. Kwa umbo ni CD tupu, sentimita 12 kutoka ukingo hadi ukingo, lakini tabaka lake moja hubeba gigabaiti 4.7 wakati CD huishia kwenye megabaiti 700 hivi. Leza yake nyekundu ina wimbi la nanomita 650, fupi kuliko zile 780 za CD, kwa hiyo husoma vishimo vidogo zaidi vilivyobanana zaidi. Watunzi wa gemu walikuwa wakiililia nafasi hiyo, na studio za filamu vilevile.

Sony ilikuwa na kidonda chake. Deki zake za Betamax, zilizotoka mwaka 1975, zilitangulia sokoni lakini VHS ya JVC ikazishinda. Mwaka 1989 ikainunua studio ya Columbia Pictures, ikawa kampuni inayotengeneza runinga na pia kumiliki filamu za kuonyeshwa humo. Ken Kutaragi, aliyekiongoza kitengo cha gemu cha Sony, alisimamia mashine ambayo kichakataji chake, Emotion Engine, kilitengewa sehemu maalumu ya kufumbua picha za MPEG-2, mfumo uleule unaotumiwa na DVD. Filamu ilikuwa kwenye hesabu tangu mashine ikiwa mezani kwa wahandisi.

PlayStation 2 ilianza kuuzwa Jumamosi, tarehe 4 Machi 2000, kwa yeni 39,800. Kwa siku mbili za mwanzo Sony ilitangaza mauzo ya karibu mashine 980,000. Gemu zilizokuwa tayari zilikuwa chache, na nyingi hazikuwa na mvuto mkubwa, ilhali deki nyingi nzuri za DVD ziliuzwa kwa bei hiyohiyo au zaidi. Mwezi huohuo filamu ya The Matrix ilitoka kwa DVD nchini humo, na ikanunuliwa kwa wingi na watu waliokuwa wametoka kununua mashine ya gemu. Kwa nyumba nyingi, hiyo ndiyo ilikuwa deki ya kwanza ya DVD.

Katika mashine hizo za mwanzo, programu ya kuchezesha filamu haikuwa imejengwa ndani. Ilikaa kwenye kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8 iliyouzwa pamoja na mashine, kadi ileile ambayo mchezaji aliitumia kuhifadhi hatua za gemu. Aliyeifuta programu hiyo kwa bahati mbaya ilimbidi aiweke upya kwa diski ya huduma. Kasoro kubwa zaidi ilikuwa kwamba programu hiyo iliweza kudanganywa ikacheza DVD za kanda nyingine. Studio zilikuwa zimeigawa dunia katika kanda ili filamu ya nchi moja isiuzwe kiholela nchi nyingine: Marekani kanda ya 1, Japani na Ulaya ya 2, Kenya na Tanzania ya 5. Sony ililazimika kuirekebisha haraka.

Wenye nyumba waliitumiaje? Mwanzoni kwa padi ya gemu, waya umetandazwa sakafuni, vitufe vya kurukia na kupigia risasi vikigeuzwa vya kusimamisha picha na kuruka sura. Rimoti iliuzwa kando, pamoja na kipokezi kidogo kilichochomekwa kwenye tundu la padi. Ni mwaka 2003 ndipo kipokezi hicho kilipowekwa ndani ya mashine yenyewe. Feni nayo ilivuma, na kwenye tukio la ukimya mvumo huo ulisikika wazi. Mpenzi wa filamu mwenye uwezo angenunua deki halisi, lakini kwa familia iliyotaka kifaa kimoja tu, hapakuwa na ununuzi wa busara zaidi kuliko huo.

Washindani hawakuwa na jibu la haraka. Dreamcast ya Sega, iliyotoka mwaka 1998, haikusoma DVD kabisa, na Januari 2001 Sega ilitangaza kusitisha utengenezaji wake. Nintendo ilitumia diski ndogo za sentimita 8 katika GameCube, ingawa Panasonic ilitengeneza toleo liitwalo Q lililosoma DVD, likauzwa Japani pekee. Xbox ya Microsoft, ya Novemba 2001, ilisoma DVD kwa sharti la kununua rimoti na kipokezi chake. Ada ya leseni ya DVD iliingizwa kwenye bei ya kifurushi hicho, ili asiyetaka filamu asiilipie.

Hapo ndipo penye fundo la biashara hii. Mashine ya gemu kwa desturi huuzwa kwa faida ndogo au kwa hasara, na fedha hurudi kupitia gawio la kila gemu inayouzwa. Anayenunua mashine akaishia kutazama filamu hairudishi fedha hiyo. Kwa Sony, hata hivyo, mteja huyo aliongeza idadi ya nyumba zenye kifaa cha kusoma diski mpya, na idadi hiyo ilikuwa na thamani yake.

Thamani hiyo ilionekana kwenye PlayStation 3. Safari hii Sony na washirika wake walikuwa na Blu-ray, ya gigabaiti 25 kwa tabaka, na Toshiba ilikuwa na HD DVD, ya gigabaiti 15. Zote zilisomwa kwa leza ya nanomita 405, na uhaba wa vipande vya leza hiyo ulichelewesha PlayStation 3 kufika Ulaya hadi Machi 2007. Huko Marekani ilikuwa imetoka Novemba 2006 kwa dola 499 na 599, wakati deki ya kwanza ya Blu-ray ya Samsung ilikuwa imeanza kwa dola 999 miezi michache kabla. Kampuni ya utafiti ya iSuppli ilikadiria kwamba toleo la dola 599 lilimgharimu mtengenezaji takriban dola 840. Sony ilikula hasara kwa kila mashine, lakini kila mashine ilikuwa deki ya Blu-ray. Microsoft iliiweka HD DVD kwenye kifaa cha pembeni cha Xbox 360 kilichouzwa kando kwa dola 199, na wachache ndio waliokinunua. Januari 2008 Warner Bros. ilitangaza kuhamia Blu-ray, na tarehe 19 Februari Toshiba ikafunga virago.

Ushindi huo haukukaa muda mrefu bila mpinzani. Novemba 2008 Netflix iliingia kwenye Xbox 360 kupitia intaneti, na mwaka uliofuata kwenye PlayStation 3, mwanzoni kwa diski maalumu iliyofungua programu. Mwaka 2010 ikafika kwenye Wii, mashine ya Nintendo ambayo haikucheza DVD za filamu. Mashine ya gemu ikaendelea kuwa deki ya sebuleni bila filamu yenyewe kuwamo ndani yake. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020 iliuzwa kwa matoleo mawili: moja lenye tundu la Blu-ray, na jingine, la bei nafuu zaidi, lisilo na tundu lolote la diski.